Mtafiti wa Stempu Akumbukwe kwa Nauli

Mtafiti wa historia ya posta anapofariki, marafiki zake mara nyingi hutoa medali au tuzo yenye jina lake. Naamini ipo kumbukumbu iliyo bora zaidi: mfuko unaomlipia mtafiti mwingine nauli, malazi na posho ya wiki chache, ili akasome nyaraka na kuzikagua bahasha mahali zilipohifadhiwa. Kwetu Afrika Mashariki ufadhili wa namna hiyo unahitajika kuliko mahali pengi, kwa sababu historia yetu ya posta imetawanyika.

Zanzibar ya mwishoni mwa mwaka 1890 inatosha kulionyesha hilo. Posta ya India ilikuwa ikihudumia mji tangu 1875, Wafaransa walifungua yao mwaka 1889, na Agosti 1890 Wajerumani nao wakafungua ofisi ambayo haikudumu hata mwaka mmoja. Barua tatu zilizotoka mji huohuo katika juma moja ziliweza kubandikwa stempu za mataifa matatu. Lamu nako Wajerumani waliendesha posta kuanzia 1888 hadi 1891, wakizigonga stempu za kwao muhuri wenye jina la Lamu. Leo kijana wa Lamu anayetaka kuandika habari za ofisi hiyo hana budi kufika Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, huko Berlin, na akitaka kumbukumbu za utawala wa India aende British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, huko London. Nauli peke yake inatosha kuuzima utafiti wake kabla haujaanza.

Wapo wanaosema kwamba picha za mtandaoni zimeondoa haja ya kusafiri. Sikubaliani nao. Picha nyingi huonyesha uso wa bahasha tu, ilhali mihuri ya bandari ilikopitia barua kwa kawaida iligongwa nyuma. Alama ya maji, yaani chapa iliyofichika ndani ya karatasi ya stempu, huonekana karatasi inapoinuliwa kwenye mwanga. Chukua stempu ambazo mmisionari Ernest Millar alizipiga kwa taipu huko Mengo, Uganda, mwaka 1895, thamani yake ikihesabiwa kwa kauri, simbi zilizotumika kama fedha. Za mwanzo ni pana, baadaye zikawa nyembamba, kisha wino ukabadilika kuwa wa zambarau, na ni kwa tofauti hizo watafiti wanapanga ipi ilitangulia ipi. Kwa kuwa hazikuhitaji zaidi ya taipu na karatasi nyepesi, kuzighushi ni rahisi, na anayetaka kuijua iliyo halali anapaswa kuiona ikiwa mbele ya macho yake.

Ningependa mfuko huo usidai shahada. Karani mstaafu aliyegonga mihuri miaka thelathini anaweza kuisoma bahasha vizuri kuliko profesa, na mkusanyaji wa Mombasa anayezifahamu stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika anastahili nafasi sawa na mwanafunzi wa chuo kikuu. Safari nazo ziwe za pande zote mbili, kwani mtafiti wa Ulaya anayeandika juu ya Zanzibar bila kuzisoma nyaraka za Kilimani, iliko hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar, anaiacha nusu ya habari. Maombi na ripoti viruhusiwe kuandikwa kwa Kiswahili, na sehemu ya mwisho ya fedha ilipwe baada ya nakala za picha zote kukabidhiwa hifadhi ya nyaraka ya nchi zilikotoka barua zilizochunguzwa.