Umeme Ukikatika, Mimi Marehemu

Jamani, kuzaa kuna mambo. Binti yangu yuko Uingereza, kaingiwa na hofu kwamba baba yake mjane huku Tanga ataanguka bafuni asijulikane. Basi kaniletea vidude vya kupachika ukutani. "Si kamera, baba, vinahisi tu joto la mwili likipita." Cha mlangoni kina sumaku, ukifungua kinajua. Cha chini ya godoro kinajua umelala au umeamka. Vinasoma kwanza mazoea yako, halafu siku ukienda kinyume, simu inalia Uingereza.

Mazoea gani sasa? Alfajiri niko msikitini, mchana barazani nacheza bao, usiku joto likizidi natandika mkeka uani. Godoro likachongea kwamba mzee hajalala usiku kucha.

"Shikamoo baba, unaumwa?"

Siumwi, mwanangu, napunga upepo. Mara nyingine: "Baba, mbona jana chooni umekwenda sana?" Lo! Mtoto niliyemtawadha mwenyewe!

Balaa ni umeme ukikatika. Ruta inazima, intaneti hakuna, kule nyumba inaonekana kimya, na simu yangu nayo haina chaji. Akampigia jirani, jirani akamwita mjumbe, mjumbe akaja na vijana wa kuvunja mlango. Wamenipita hapo hapo barazani, nakula muhogo, wakanisalimia, wakaendelea kugonga.

Fundi ndiye aliyenimaliza. Ati joto likiwa kali, ukuta ukikaribia joto la mwili, kidude kinashindwa kunitofautisha. Yaani Februari, Tanga hii, mimi na ukuta ni mtu na nduguye.

Wajapani ndio wenye adabu. Mwaka 2001 kampuni ya Zojirushi ilianza kutoa birika la umeme linalompelekea mtoto habari kwamba mzazi leo kachemsha maji. Basi! Habari za choo hazimo. Nikamwambia binti, niletee hilo birika, haya mengine yang'oe.

Akacheka. "Baba, birika la nini? Mlango wa jikoni kwako haujafunguliwa tangu Ijumaa."

Kimya.

"Sasa chai unakunywa wapi?"

Nikamwambia mtandao unakatika, simsikii vizuri. Maana chai nakunywa kwa Bi Zaina, na maandazi, na Bi Zaina naye ni mjane.