Nani Analipia Kiti Kitupu? Mshahara na Kamisheni Saluni

Muulize mwenye saluni kwa nini anawalipa wasusi wake kwa kamisheni, na jibu litakuja kabla hujamaliza swali: mshahara unafuga uvivu. Msusi akijua mwisho wa mwezi atalipwa hata kama hajashika kichwa cha mtu, atashinda na simu yake. Mpe asilimia ya kila kichwa, utamwona anampokea mteja mlangoni. Maneno haya yamerudiwa mpaka yamekuwa kama sheria ya fani, na anayefungua saluni au spa kwa mara ya kwanza huyapokea pamoja na ushauri wa kuchagua vioo na viti. Yana ukweli ndani yake. Lakini yanamtazama mtu mmoja tu kati ya wawili wanaohusika, na huyo wa pili, mwenye saluni, naye hubadilika kutokana na mfumo wa malipo anaouchagua.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kamisheni ina ushahidi mzito. Katikati ya miaka ya 1990, Safelite, kampuni ya Marekani inayobadilisha vioo vya magari, iliacha kuwalipa mafundi kwa saa ikaanza kuwalipa kwa kila kioo kilichofungwa. Mchumi Edward Lazear alichambua kumbukumbu za kampuni hiyo, na katika utafiti aliouchapisha mwaka 2000 alionyesha kuwa kazi ya kila fundi ilipanda kwa takriban asilimia 44. Karibu nusu ya ongezeko hilo ilitokana na mafundi walewale kuongeza bidii. Nusu nyingine ilitokana hasa na kampuni kuvutia mafundi wenye kasi na kuacha kuwapoteza. Na hao wenye kasi wapo saluni pia. Msusi hodari anayelipwa sawa na mwenzake mzembe hakai muda mrefu. Anaondoka, na wateja wake wanamfuata.

Ipo pia hoja ya mtaji. Saluni changa haina akiba ya kulipa mishahara mitano katika mwezi ambao wateja wamekauka, na mwenye saluni akifilisika, kamisheni na mshahara vyote vinakwisha siku moja. Asilimia hupanda na kushuka pamoja na mapato, kwa hiyo biashara hupumua. Hili halina ubishi.

Sasa tufanye hesabu ambayo sioni ikifanywa. Chukua saluni yenye wasusi watano, kila mmoja akiwa kazini saa 8 kwa siku. Hizo ni saa 40 za watu. Tuseme wateja wanaoingia wanajaza saa 20 tu, na kila saa ya huduma inaingiza 100. Mapato ya siku ni 2,000. Kamisheni ikiwa asilimia 40, wasusi wote kwa pamoja wanapata 800, yaani wastani wa 160 kwa kila mmoja. Msusi alipoajiriwa aliambiwa “asilimia 40”, akapiga hesabu kichwani kwamba saa yake ina thamani ya 40. Kumbe kwa saa 8 alizokuwa pale amepata 20 kwa saa. Tofauti hiyo haikutokana na uvivu. Imemezwa na saa tupu.

Endelea nayo kidogo. Mwenye saluni akimwajiri msusi wa sita bila wateja kuongezeka, mapato yanabaki 2,000 na kamisheni inabaki 800. Kilichobadilika ni kwamba sasa inagawanywa kwa watu sita, kila mmoja akibaki na 133 na ushee. Mwenye saluni hajatoa hata senti moja ya ziada. Tena amefaidika, kwa sababu mteja akiingia ghafla daima kuna mikono inayosubiri. Kwa hiyo hana sababu ya kutoajiri wa saba. Hana haraka ya kujiuliza kwa nini asubuhi za katikati ya wiki viti viko wazi, au kama saluni ifunguliwe baadaye na kufungwa usiku zaidi, au kama matangazo yake yanawafikia watu. Kiti kitupu hakimgharimu chochote isipokuwa pango, na pango angelipa vyovyote vile.

Mweke mtu huyohuyo katika mfumo wa mshahara wa 20 kwa saa. Msusi wa sita sasa anamgharimu 160 kila siku, aje mteja asije. Atafikiri mara mbili kabla ya kumwajiri. Akishamwajiri atahangaika kumtafutia kazi: atapigia simu wateja ambao hawajaonekana miezi miwili, atapanga miadi vizuri, atapunguza bei za saa zilizodorora. Tunarudia kwamba kamisheni humfanya msusi asiwe mvivu. Mshahara humfanya mwenye saluni asiwe mvivu, na katika saluni nyingi uvivu wa juu ndio unaopoteza fedha nyingi zaidi. Msusi hawezi kubadilisha saa za kufungua, eneo la saluni, bei wala idadi ya wenzake. Anabebeshwa hatari ya mambo ambayo hana usukani nayo.

Nimekaa sana juu ya jambo hili kwa sababu ndilo linalofichika. Kumbukumbu za saluni huandika huduma zilizofanyika. Saa iliyopita bila huduma haiandikwi popote, na kisichoandikwa hakilalamikiwi mpaka msusi anapoaga.

Sheria za baadhi ya mahali zimeshaliona. Jimbo la California, kuanzia mwaka 2016, linataka mfanyakazi anayelipwa kwa kipande cha kazi alipwe pia, kando na vipande hivyo, muda wake wa mapumziko na muda ambao yuko kazini bila kipande cha kufanya. Kisha kuanzia mwaka 2018 likaweka kanuni ya wenye leseni za unyozi na urembo hasa: malipo yao ya asilimia yahesabiwe kuwa kamisheni endapo tu wanalipwa pia kima cha saa kisichopungua mara mbili ya kima cha chini cha mshahara cha jimbo. Mtu anaweza kusema kiwango hicho ni kikubwa mno kwa saluni ndogo, na huenda ni kweli. Lakini wazo lililo ndani yake ni sahihi: saa ya mtu aliyeko kazini ina bei hata kama mteja hajaja.

Turudi kwa mafundi wa vioo, maana mfano wao una kipengele ambacho wanaoutaja hukiruka. Pale Safelite, kioo kilichofungwa vibaya kilirudi kwa fundi aliyekifunga, akakirekebisha kwa muda wake mwenyewe. Ubora ulikuwa na jina la mtu. Saluni haiko hivyo. Dawa iliyoachwa kichwani dakika tano zaidi, rangi iliyopakwa bila kupima kama ngozi inaikubali, nywele zilizovutwa mno kwenye paji la uso: madhara yake hujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye, na mteja mara nyingi hasemi neno. Anahama tu. Msusi aliyelipwa kwa kichwa kile alishapokea chake, akahamia kichwa kingine. Wachumi Bengt Holmström na Paul Milgrom, katika kazi yao ya mwaka 1991, walieleza kwamba kazi ikiwa na sehemu nyingi, nyingine zinapimika na nyingine hazipimiki, malipo makali kwa kinachopimika huvuta juhudi kutoka kwenye kile kisichopimika. Kazi ya saluni ni mfano halisi kabisa. Idadi ya vichwa inapimika. Kumwambia mteja “nywele zako zimechoka, tusubiri wiki sita kabla ya dawa nyingine” hakupimiki, na chini ya kamisheni tupu, ushauri huo mwaminifu ni hasara kwa anayeutoa.

Vivyo hivyo kufua taulo, kuchemsha na kusafisha vifaa kwa dawa, kufagia nywele, kumfundisha mwanagenzi kushika mkasi. Mwanagenzi aliyefundishwa vizuri kesho atakuwa mshindani wa foleni ileile, kwa nini msusi amwonyeshe siri ya mkono wake? Ugomvi wa “huyu ni mteja wangu” pale mtu anapoingia bila miadi hauzuki kwa sababu watu wana roho mbaya. Umetengenezwa na namna wanavyolipwa.

Kuna mahali mshahara nao unadhulumu, na sina sababu ya kulificha hili. Mkandaji wa spa hawezi kukanda saa 8 mfululizo. Vidole gumba, viwiko na mgongo haviruhusu. Mwenye spa anayelipa mshahara uleule ana kishawishi cha kumpangia miadi inayofuatana bila nafasi, kwa kuwa kila mwili wa ziada ni faida tupu kwake. Hapo malipo kwa kila huduma yanamlinda mfanyakazi, kwa sababu uchovu wake unapata bei. Lakini kamisheni peke yake inamsukuma ajiumize mwenyewe msimu wa wateja wengi, kufidia wiki kavu zilizotangulia. Kinachomlinda kweli ni ukomo wa idadi ya masaji kwa siku, ulioandikwa, wenye mapumziko kati ya mteja na mteja. Mfumo wa malipo hauwezi kufanya kazi ya ukomo huo.

Kuhusu kukodisha kiti, ambako msusi hulipa kodi na kubaki na mapato yote, nitasema machache. Ni njia nzuri kwa aliye na wateja wake tayari na anayeamua mwenyewe bei, saa na bidhaa. Ukimkodisha mtu kiti kisha ukampangia saa ya kufika, sare na bei, huyo ni mfanyakazi wako aliyebadilishiwa jina, na vyombo vya kodi na mahakama za kazi katika nchi nyingi hutazama uhalisia huo kuliko kilichoandikwa kwenye mkataba.

Swali jingine huachwa hewani siku ya kuajiriwa: asilimia ya nini? Asilimia 50 ya bei anayolipa mteja si sawa na asilimia 50 ya kinachobaki baada ya kutoa dawa, rangi na ada ya malipo ya kadi. Huduma ya 100 inayotumia bidhaa za 20 humpa msusi 50 kwa hesabu ya kwanza na 40 kwa ya pili. Punguzo likitolewa kwa mteja, nani analibeba? Mteja akirudishwa kurekebishiwa bure, saa hiyo inalipwa na nani? Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 95 wa mwaka 1949, unaohusu ulinzi wa mishahara, unataka makato yafanywe kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi, na wafanyakazi wafahamishwe masharti hayo. Saluni ambayo msusi hujua makato yake siku ya kulipwa iko mbali na kiwango hicho.

Ningechagua nini, basi? Mshahara wa msingi unaomtosha mtu kuishi, kisha sehemu ndogo ya asilimia inayoanza baada ya kiwango fulani cha mapato, na bonasi inayotazama wateja waliorudi kuliko vichwa vilivyopita. Hodari wa Safelite hapotei hapo, kwa sababu bado anazidi wenzake. Anachopoteza ni sababu ya kumharakisha mteja. Mwenye saluni asiye na akiba anaweza kuanza na kiwango cha chini kilichohakikishwa: kamisheni ikivuka kiwango hicho msusi anachukua kamisheni, isipokivuka anajaziwa. Hata kiwango kidogo tu kinatosha kumfanya mwenye saluni ahisi uzito wa msusi wa sita kabla ya kumwajiri. Bakshishi ibaki kwa aliyepewa, isihesabiwe kuwa sehemu ya ahadi hiyo.

Na kabla ya kubadilisha chochote, mwenye saluni aanze na daftari. Tayari lina safu ya huduma, ya bei na ya jina la msusi. Aongeze safu ya saa ambazo kila mmoja alikaa bila mteja, aijaze kwa miezi mitatu, aisome pamoja na wasusi wake. Ikionyesha kwamba nusu ya saa zao ni tupu, kama zile 20 kati ya 40, kupandisha asilimia kutoka 40 hadi 45 hakutamwokoa yeyote: wasusi watano watagawana 900 badala ya 800, na viti vitabaki wazi vilevile.