Trela ilinidanganya au nilijidanganya mwenyewe?

Wikiendi nimerudia Godzilla ya 2014, ile muvi ya Gareth Edwards. Mara ya kwanza niliichukia aisee, maana trela, kile kionjo cha kuitangaza muvi, ilimjaza Bryan Cranston mwanzo mwisho, analia, anafoka kwamba kuna kitu kinafichwa, na mimi ndo nilikuwa nimetoka kumaliza Breaking Bad, tamthilia ambayo yeye ndo stelingi, basi nikajua huyu ndo mwenye muvi. Na sisi tuliokulia vibanda umiza sheria tunaijua, stelingi hafi. Jamaa kafa hata nusu haijafika! Tukaachiwa mwanajeshi mmoja hana hata chumvi, halafu Godzilla mwenyewe tunamuona kwa kuibia, kanyanyua mkono apigane, mlango huo unafungwa.

Sasa nani alaumiwe?

Wanaosema trela ndo matapeli wana pointi, tena nzito. Marekani mwaka 2022 watu wawili waliishtaki Universal, walikodi Yesterday ya 2019 kwa dola 3.99 kila mmoja wakimfuata muigizaji Ana de Armas waliyemuona kwenye trela, kumbe kwenye muvi alishakatwa hayumo kabisa. Studio ikajitetea kwamba trela nayo ni sanaa, ina uhuru wake. Desemba mwaka huohuo jaji akaikatalia, akasema trela ni tangazo la biashara na sheria za matangazo ya uongo zinaihusu. Hapo mi nipo na jaji asilimia mia, huwezi kubandika pilau ukutani halafu ndani unauza ugali.

Ila kuna kesi nyingine inanipa shida. Mwaka 2011 mama mmoja wa Michigan alishtaki kisa muvi ya Drive, alitegemea mbio za magari kama Fast & Furious akakuta dereva muda mwingi kanyamaza tu anaangalia watu. Akashindwa. Na muvi hiyohiyo ndo iliyompa Nicolas Winding Refn tuzo ya mwongozaji bora kule Cannes mwaka uleule, kwa hiyo ubovu haikuwa nao, na magari yamo kweli, ila si kwa kiasi alichokuwa nacho yeye kichwani. Kuonyesha kisichokuwemo ni uongo, sawa, lakini kuchukua dakika mbili kali ukaziweka mbele je? Hata muuza nyanya nzuri anazipanga juu, na tunajua, na bado tunanunua.

Halafu sisi tuliozoea muvi za kutafsiriwa tuna ugonjwa wetu wa ziada. Ukiangalia muvi na DJ Afro, yule mtafsiri wa muvi wa Kenya, anaongea juu yake unacheka mpaka mbavu zinauma, siku ukiikuta yenyewe tupu unashangaa mbona imepoa hivi, wakati aliyeiandika hakukuahidi vichekesho hata kimoja, DJ ndo alikuharibu.

Kurudi kwa Godzilla, safari hii nilijua Cranston anakufa kwa hiyo sikuwa namsubiri yeyote, na ule mchezo wa kumficha mnyama ulionikera mwanzo ndo niliupenda zaidi, anapojitokeza mzima mwishoni na kutema ule moto wa bluu nilipiga kelele peke yangu sebuleni. Kwa hiyo kosa nusu lilikuwa langu, nakubali. Mwanajeshi lakini bado hana chumvi, hilo trela haihusiki.