Jigi huvua linapoanguka

Ukikaa na wavuvi wa jigi, kile chambo bandia cha chuma chenye umbo la samaki mdogo, maneno yao karibu yote ni ya kuvuta. Nani ana mkono, rili ipi inakusanya mshipi kwa kasi, ufito upi haukubali kupinda. Nami nilivua hivyo kwa miaka, na mabega yangu yanajua. Leo nashikilia kinyume chake: samaki wengi wa kina kirefu hulivamia jigi linaposhuka, kwa hiyo kila unachofunga kwenye mshipi ukichague kwa ajili ya ule mshuko.

Siku iliyonigeuza tulikuwa wawili ubavuni mwa chombo kimoja, kina cha mita 70. Mwenzangu, mtu mzima kwangu, alikuwa akiinua ufito, anautuliza, anaushusha, anangoja. Mimi nilitwanga. Kufikia adhuhuri yeye alikuwa na kolekole wanne na chewa mmoja, mimi mikono mitupu. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "mbona hulipi hilo jigi lako nafasi ya kufa?"

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Jigi linalopanda ni dagaa anayekimbia, na kumkimbiza kunamgharimu mwindaji nguvu. Jigi linaloanguka kiubavu, likimetameta huku na huku, ni dagaa aliyeishiwa. Hiyo ni riziki ya bure, na samaki mkubwa haiachi.

Ndiyo maana umbo la jigi lina maana kuliko rangi, ingawa rangi ndiyo inayotupotezea muda. Jigi jembamba na refu, lenye uzito mkiani, hushuka moja kwa moja na kufika chini upesi. Pana na bapa, lenye uzito katikati, huyumba kama jani lililong'oka mtini. La pili ndilo ninalolipenda, lakini maji ya bamvua yakianza kukimbia nalirudisha sandukuni bila ubishi, maana mkondo hulichukua kabla halijafika mahali.

Kuhusu uzito, naanzia gramu 2 kwa kila mita ya kina. Kwa mita 70 basi ni jigi la gramu 140 au 150. Hapo ni pa kuanzia tu. Hakimu ni mshipi wenyewe. Mshipi ukisimama wima, umepatia. Ukilala na kwenda zake mbali na chombo, jigi halipandi tena bali linaburutwa pembeni, na lile tumbo la mshipi majini linameza kila unachofanya na ufito. Ongeza uzito, au mwombe nahodha ageuze chombo. Asipoweza, kusanya mshipi wote na uanze upya. Wengi huona uvivu wa kupandisha mita 100 za mshipi, wakaendelea kuvua jigi lisilovua.

Mshipi uwe wa kusukwa, na uwe mwembamba kadiri unavyothubutu, kwa sababu mkondo husukuma unene. Unene wake hupimwa kwa namba za PE. Namba ya PE 2 ina kipenyo cha milimita 0.235 hivi, nayo inatosha kwa kazi nyingi za kina hiki. PE 3 naiweka kwa miamba mibaya. Nailoni hunyumbuka, na kwa mita 70 mtikiso wa ufito unaishia njiani. Nunua ule unaobadilika rangi kila mita 10. Faida yake utaiona hapo chini.

Mshipi wa kusukwa una udhaifu mmoja: ukigusa mwamba umekwisha. Ndipo inapohitajika lida, kipande cha mwisho kinachovumilia mwamba: mita 3 au 4 za florokaboni, uzi mgumu wa plastiki, wa nguvu ya pauni 40 hadi 60. Naziunganisha kwa fundo la FG, ambalo lida haikunjwi hata mara moja. Mshipi ndio unaoizunguka, zamu juu zamu chini, mara 20 hivi, kila mzunguko ukilala bega kwa bega na mwenzake. Kisha lilowesha mate, zungushia mshipi kwenye glavu, uvute taratibu. Likikaza sawasawa utaona rangi ya mshipi ikikolea na mizunguko ikiuma florokaboni. Rangi isipokolea, fundo hilo litateleza. Likate ufunge jingine, hata kama samaki wanaruka mbele yako.

Sasa pete, zile ndogo za chuma kati ya lida na jigi. Hapa nilipoteza samaki ambaye mpaka leo simjui. Nilifunga lida kwenye pete ya mwanya, ile inayopanuka kwa koleo, nikaona yatosha. Lida ikateleza hadi kwenye ncha ya waya ikakatika kama imepigwa wembe. Lida hufungwa kwenye pete nzima, isiyo na mwanya. Ndoano ya juu, iliyosimama kwenye kamba yake fupi, nayo inashikizwa hapohapo kwenye pete nzima. Pete ya mwanya inabaki na kazi moja ya kulibeba jigi. Samaki akivuta, nguvu inatoka kwenye ndoano kwenda kwenye pete nzima kwenda kwenye lida, na jigi linaning'inia pembeni bila kumsaidia kujitikisa.

Ndoano iwe juu kwa sababu samaki mwindaji mara nyingi hupiga kichwa, na kwa sababu cha kwanza kugusa mwamba ni mkia wa jigi. Kamba yake isifike nusu ya urefu wa jigi, la sivyo inajizungusha na jigi linashuka limefungwa pingu. Kwenye mchanga naongeza ndoano za mkiani. Kwenye mwamba, kamwe.

Ukishaliachia, weka kidole gumba juu ya rili, kiguse tu, na macho yahesabu rangi. Jigi likigusa chini mshipi unalegea ghafla. Zungusha mara mbili papo hapo kabla mwamba haujalikamata. Na mshipi ukilegea kwenye mita 50 wakati chini ni 70? Hilo si jiwe, ni samaki aliyelidaka jigi likishuka. Funga rili, kusanya kwa nguvu mpaka uzito ufike mkononi. Nimewaona watu wakikaa wanashangaa mshipi kusimama katikati ya maji, na samaki akatema.

Kupandisha kwenyewe ni kwepesi. Nusu mzunguko wa rili huku ncha ya ufito ikipanda, halafu ishushe ncha na utulie. Kazi iko kwenye kushusha. Ukiufuata mshipi ukiwa umekaza, jigi halianguki bali linateremshwa. Ukiuacha na ulegevu mwingi, huhisi kitu. Nataka mshipi uliolegea kidogo tu, kiasi cha kutikiswa na upepo. Jigi likifika mita 15 au 20 kutoka chini naliachia lirudi chini tena, maana hapo ndipo chewa na changu wanapokaa. Breki ya rili naipima kwa mizani nikiwa bado nchi kavu: robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi.

Kuna deni moja la uvuvi huu. Kwa mita 70 msukumo wa maji ni kama mara 8 ya ule wa juu, na chewa akipandishwa kibofu chake cha hewa hufura. Ukimtupa hivyohivyo majini anaelea tumbo juu akingoja ndege. Chewa mdogo namshika mdomo wa chini kwa ndoano iliyovunjwa mwiba, imegeuzwa juu chini na kufungwa chubwi zito, namteremsha mpaka rangi ya tano. Navuta mara moja, kwa kukata. Ndoano inachomoka, chewa anabaki kinani, nami nalipandisha chubwi peke yake.