Pweza wa minyiri sita

Ndugu mwandishi, unaposema filamu za madubwana za bajeti ndogo ni za kuchekwa tu, hapo sikubaliani nawe. Kwenye filamu ya It Came from Beneath the Sea ya 1955, Ray Harryhausen, fundi wa madubwana ya sinema, alimpa pweza wake wa sanamu minyiri sita badala ya minane ili kuokoa fedha, maana kila mnyiri ulisogezwa kwa mkono kidogo kidogo, picha moja baada ya nyingine. Nani angehesabu huku daraja la Golden Gate la San Francisco linabomolewa? (Haya, mashabiki sugu walihesabu. Wale hawaachi kitu.) Kinachonichosha mimi ni papa wa filamu za siku hizi wanaotengenezwa kwa kompyuta: jinyama zima linapita na maji hayatikisiki! Yule pweza akishika kitu, unaona kimeshikwa.