Suez: Tatizo Lilikuwa Mkataba, Si Mfereji

Wapo wanaoamini kwamba Said Pasha, mtawala wa Misri, aliiuza nchi siku alipompa Mfaransa Ferdinand de Lesseps idhini ya kuchimba Mfereji wa Suez, mwaka 1854. Wengine humsifu kwa kuona mbali, maana hadi leo njia hiyo ya meli inaiingizia Misri fedha za kigeni. Nawaelewa wote, ila naona wanaugombania mfereji bila kuusoma mkataba.

Uchimbaji ulianza 1859, na muda si mrefu ukategemea shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa. Wakulima waliswagwa kwa maelfu kutoka vijijini, wakachimba kwa sururu na kubeba udongo kwa vikapu. Uingereza, ambayo haikutaka Ufaransa iishike njia ya India, iliipigia kelele shokoa hiyo kupitia Istanbul, kwa kuwa Misri ilikuwa chini ya Sultani wa Uthmaniya. Ismail, aliyemrithi Said mwaka 1863, alipotaka kuikomesha, kampuni ya Lesseps iliyochimba mfereji ilidai fidia. Na msuluhishi alikuwa nani? Napoleon III, mfalme wa Ufaransa! Mwaka 1864 aliamuru Misri ilipe faranga milioni 84, na kati ya hizo milioni 38 zilikuwa za vibarua wa shokoa tu. Nchi ilitozwa kwa kuacha kuwaswaga watu wake.

Wanaomtetea Lesseps husema mfereji peke yake haukuifilisi Misri, na ni kweli. Ismail alikopa kwa ajili ya majumba na reli wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vimepandisha bei ya pamba. Vita vilipokwisha 1865 bei ikaanguka, madeni yakabaki. Lakini alipobanwa, mwaka 1875, kitu alichouza ni hisa za mfereji, asilimia 44 ya kampuni, na Uingereza ikazichukua kwa takriban pauni milioni 4. Mwaka 1882 ikaleta majeshi. Hata Zanzibar ilikuwa imeshaguswa na mfereji huo: tangu 1872 meli za barua za Waingereza zilikuja huko kila mwezi kutoka Aden.

Tarehe 26 Julai 1956, akihutubia Alexandria, Nasser, rais wa Misri, alilitaja jina la Lesseps. Ndiyo ishara waliyokuwa wakiisubiri watu wake redioni, wakaingia ofisi za kampuni. Mkataba wa miaka 99, uliohesabiwa tangu mfereji ulipofunguliwa 1869, ulikuwa umebakiza 12. Wenye hisa walilipwa fidia, na mfereji ukabaki pale pale, mikononi mwa Wamisri.