Kabla ya kulipia gari ya viti viwili, uliza spea ziko wapi

Jumamosi nilikuwa kwenye yadi fulani hapa Ngong Road na mpaka leo sijapoa. Kuna kijana alikuwa amesimama kando ya roadster, yaani gari ya viti viwili ya paa la kufunguka, ya Kijerumani yenye zaidi ya miaka ishirini, paa limefunguliwa, bodi imepigwa polishi mpaka unajiona ndani yake, na broka amemshika bega anamwambia "bro, hii unaipata kwa bei ya Vitz, sasa unangoja nini?" Kijana anatabasamu, mkono uko kwenye usukani. Hakuna mtu amefungua boneti. Hakuna mtu ameuliza ni fundi gani atashika hiyo gari ikizima pale Mbagathi saa moja jioni.

Hii lugha ya "bei ya Vitz" ndiyo imefanya ukipita estate nyingi uone roadster imefunikwa turubai, tairi zimeisha upepo, mwenyewe alishachoka kuitengeneza na kuiuza hawezi. Gari ikitoka kiwandani ikiwa ghali, spea zake zinabaki za gari ghali hata kama wewe umeuziwa kwa laki sita. Broka anajua hivyo. Ndiyo maana hataki boneti ifunguliwe.

Na sisemi hivi kwa sababu nachukia hizi gari. Nazipenda sana. Nimechoka na wale wanaosema eti gari ya viti viwili Nairobi ni ubinafsi, eti utabeba nani, eti shosho atakaa wapi. Angalia jam ya Thika Road asubuhi uhesabu ni Noah ngapi zina mtu mmoja ndani. Mtu akifanya kazi kwa bidii akataka kagari kake ka Jumapili ka kushuka nako Magadi Road, pale ukishapita Kiserian unafika Kona Baridi na Bonde la Ufa linafunguka lote mbele yako, hiyo ni haki yake kabisa. Ninachotaka ni hako kagari kaendelee kutembea mwaka wa tatu na wa nne.

Sasa tuongee ukweli wa soko letu. Sheria ya KEBS, shirika la viwango, inayokataza kuingiza nchini gari iliyozidi miaka minane, inagawanya hii hesabu mara mbili. Ukitaka kuagiza Japani, huwezi kuleta ile Mazda Roadster ya zamani yenye taa za kuinuka, huwezi kuleta Toyota MR-S, huwezi kuleta Honda S2000, zote umri umepita. Kwa roadster ndogo za Kijapani unabaki na Mazda Roadster ya kizazi cha nne, ile iliyoanza 2015, pamoja na vigari vya 660cc, Honda S660 na Daihatsu Copen. Hizo za zamani unazipata hapa hapa tu, zile zilizoingia zamani na ziko na namba za Kenya tayari, na ni chache, kwa hiyo ukiiona moja usikimbilie kulipa kwa kuogopa mwingine atakutangulia. Hiyo hofu ndiyo silaha kubwa ya mabroka.

Mimi nikiulizwa na mtu wa pesa ya kawaida, mtu ambaye fundi wake yuko Ngara au Kariobangi na si kwa gereji ya vioo, jibu langu ni moja na nitalirudia mpaka watu wachoke: tafuta Toyota MR-S. Ndiyo ile ile MR2 ya kizazi cha tatu, ilitengenezwa 1999 hadi 2007, Japani waliiita MR-S. Injini iko katikati, nyuma ya viti, na hiyo injini ni 1ZZ-FE, 1.8. Sasa simama hapo kidogo. Hiyo 1ZZ ndiyo ilikuwa kwa Toyota Wish ya kwanza ya 1.8, ndiyo ilikuwa kwa Allion na Premio za mwanzo, kwa Opa, kwa Caldina. Yaani gari ambazo zimezaa ukoo mzima hapa Kenya. Nenda Kirinyaga Road leo useme unataka koili ya 1ZZ, au water pump, au plagi, au ile sensa ya oksijeni, utaulizwa tu unataka mpya au ex-Japan, ile iliyotumika Japani. Fundi ambaye hajawahi kuona MR-S maishani mwake akifungua kile kifuniko cha nyuma anaanza kucheka, kwa sababu pale ndani anaona kitu amekifungua na kukifunga tangu akiwa mwanafunzi wa gereji.

Na sasa uchukue hiyo injini ya Wish uiweke kwa gari ambayo ni nyepesi kuliko Wish kwa kama kilo mia tatu. MR-S uzito wake ni kama tani moja tu, inacheza pale kilo 970 mpaka 1,000 na kitu. Hapo ndipo watu hawaelewi. Mtu anakuuliza ina farasi ngapi, yaani nguvu ya injini, unamwambia 140, anakunja uso. Lakini gari nyepesi inakula breki kidogo, inakula tairi kidogo, inakula petroli kidogo, na ukiingia nayo kona unaisikia yote mpaka kwa vidole. Uzito ndio unalipia kila siku, kwa breki, kwa shoki, kwa bushi, na barabara zetu haziwahurumii wenye gari nzito.

Linganisha na ile BMW Z4 ya kwanza, E85, ya 2002 hadi 2008. Gari tamu, na injini yake ya silinda sita siwezi kuisema vibaya hata nikilazimishwa. Lakini mota ya kufungua paa waliiweka chini kabisa kwa kona ya nyuma kushoto, mahali ambapo maji ya mvua yanapita yakitafuta njia ya kutoka. Vile vijitundu vya kutolea maji vikizibwa na majani na vumbi, maji yanajaa pale, mota inaoga, paa linagoma. Fikiria hiyo gari inalala chini ya jakaranda Kileleshwa halafu mvua ya Aprili inaanza. Na kuitoa hiyo mota ni shughuli, mafundi wengi wanaanza kwa kulegeza paa lote. MR-S paa lake ni la kitambaa, unafungua kufuli mbili pale juu ya kioo, unalirusha nyuma kwa mkono. Hakuna mota ya kufa.

Lakini sitaki mtu akanunue MR-S kwa macho yaliyofungwa ati kwa sababu nimeisifu, kwa hiyo sikiza vizuri. 1ZZ za mwanzo, zile za kabla ya 2002 hivi, zinajulikana kwa kula oili. Pistoni zake zina vitundu vidogo vya kurudisha oili, vinaziba na masizi, ringi zinakwama, oili inaanza kuungua. Kwa hiyo ukienda kuiona, mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Weka mkono kwa boneti ya nyuma, ikiwa ya moto, ujue amekuficha kitu. Vuta ile stiki ya oili kwanza, uangalie kiwango na rangi, halafu iwashwe ikiwa baridi wewe ukiwa umesimama nyuma ya silensa. Moshi wa bluu, ongea bei upya au urudi nyumbani. Kitu kingine ni vile vikatalisti vidogo vya mwanzo kwa manifoldi, vya kusafisha moshi, vikizeeka vinasagika na vile vipande vinaweza kurudi ndani ya injini. Hapa kwetu nyingi zilishatolewa na mafundi zamani, uliza, na usiogope jibu.

Halafu maji. Radieta iko mbele, injini iko nyuma, kwa hiyo kuna mabomba marefu yanapita chini ya gari yote. Ingia chini, au weka gari kwa pit, uyaangalie kama yamegongwa na matuta yale ambayo hayajapakwa rangi. Na siku ukibadilisha maji, simamia kazi mwenyewe. Fundi wa haraka haraka anajaza maji juu anafunga, hewa inabaki kwa mabomba, gari inachemka kabla hujafika Museum Hill, halafu anakwambia gasketi ya hedi imeenda. Hewa lazima itolewe, kuna vali zake, na inachukua muda. Huyo fundi akikataa kungoja, mtafute mwingine.

Na gia. Zingine zilikuja na SMT, ambayo haina pedali ya klachi lakini si otomatiki ya kawaida, ni manuali inayobadilishwa na pampu ya haidroliki. Achana nayo. Si mbaya ikiwa mpya, lakini imezeeka na fundi wa kuielewa hapa ni wa kutafuta na tochi. Chukua ya klachi, ya gia tano au sita, basi.

Tairi za mbele na nyuma hazilingani saizi, kwa hiyo usikubali mtu akuhamishie tairi za mbele ziende nyuma. Ikinyesha, kama tairi za nyuma zimeisha, nenda polepole kabisa kwa raundiabauti, gari ya injini katikati ikiamua kugeuka inageuka yote.

Sasa hizo zingine. Mazda Roadster ukiipata ya zamani ikiwa safi, ichukue na baraka zangu, kuna sababu ndiyo roadster iliyouzwa kuliko zote duniani na zilizotengenezwa zilishapita milioni moja 2016, lakini uliza mwenyewe alikaa nayo wapi, iliyoishi Mombasa angalia kutu chini ya milango. Ile mpya ya kuagiza, yenye paa la kitambaa, Japani inauzwa na injini ya 1.5, kwa hiyo ushuru wa bidhaa unakuwa 20% badala ya 25%. Hiyo ni afueni kidogo, ingawa KRA, watu wa ushuru, wanahesabu kwa thamani yao ya CRSP, yaani bei ya gari hiyo ikiwa mpya, na si kwa risiti yako, kwa hiyo piga hesabu mbele kabla hujalipia mnada. S2000 ni ndoto, injini inapiga mpaka raundi 9,000, na wenyewe wanajua thamani yake. Nissan 350Z nakubali, spea ziko kwa sababu injini yake ya VQ35 iko pia kwa Nissan Murano, lakini ni lita 3.5 na karibu tani moja na nusu, na wewe unaenda nayo Westlands kwa jam.

S660 nilikuwa naidharau kwa sababu ya 64 farasi. Halafu fikiria hivi: Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, na injini isiyo na tabo (turbo), ile ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, inapoteza nguvu kiasi kama hicho. Zile farasi 140 za MR-S huku kwetu zinakaribia 115. Tabo inafidia sehemu kubwa ya hiyo hasara, na S660 ina tabo na kilo 830 tu kwa ile ya manuali. Kwa hiyo pengo si kubwa vile karatasi inasema. Shida yake ni nafasi. Ukishalikunja paa na kuliweka kwa lile boksi la mbele, mfuko wa unga utakaa kwa mapaja ya mwenzako. Na spea nyingi ni za kuagiza, kuna rafiki yangu South B ambaye gari yake ya Ulaya imengoja kipande kimoja cha plastiki mpaka akaanza kupanda matatu tena, na sitaki hiyo hadithi ijirudie kwa mtu mwingine kwa sababu hakuambiwa. Ikiwa uko tayari kungoja parseli, S660 ni gari nzuri. Haitengenezwi tena tangu 2022, kwa hiyo zile za kuagizika zinazidi kupungua kila mwaka.

Ukiagiza, dai ile karatasi ya mnada ya Japani yenyewe, si picha ya wotsapu iliyokatwa juu. Gredi R maana yake iligongwa ikatengenezwa, na roadster iliyogongwa haina paa la chuma la kuificha, milango haitakaa sawa kamwe. Fungua na ufunge kila mlango mara kadhaa, polepole, usikilize.

Insurance uliza kabla, kampuni nyingi hazitaki kukupa comprehensive kwa gari iliyozeeka, utabaki na third party, ambayo hailipii gari yako, na kwa gari ya paa la kitambaa hiyo ni kitu ya kufikiria usiku ukiiegesha.

Mwisho ni karatasi. Fanya search ya NTSA kwa eCitizen, ile ya kuona gari imesajiliwa kwa jina la nani, wewe mwenyewe, kwa simu yako, ukiwa umesimama pale. Angalia kama kuna benki au wakopeshaji wameshikilia logibuku. Angalia namba ya chasisi kwa gari yenyewe na si kwa stika. Na kama jina lililo kwa logibuku si la huyo anayekuuzia, na anakwambia mwenyewe yuko majuu atatuma kitambulisho, toka hapo hata kama ni MR-S nyekundu, gia sita, haina moshi.